Nina miswada mitatu isiyoisha na ofa ya kuchapishiwa kitabu: nianze wapi?

Swali: Shikamoo Mhariri. Mimi ni muuguzi, nafanya kazi kwa zamu, na ni mama wa watoto wawili. Nimekuwa nikiandika tangu nikiwa sekondari. Nina miswada mitatu na yote imeishia njiani. Ninaoupenda zaidi ni riwaya ya wodi moja na wauguzi wake wa usiku. Sura ya kwanza nimeiandika upya mara nyingi mno, ya nne sijawahi kuifikia. Sasa kuna kampuni imeniambia itanichapishia nikilipia nakala 1,000, na kwamba ofa inaisha mwezi huu. Nataka kuwa mwandishi anayejichapishia mwenyewe. Nitapataje mazoea ya kuandika hadi nimalize? Na je, nilipe?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Nianze na la mwisho kwa sababu lina tarehe: usilipe. Kampuni hiyo siifahamu na sina neno nayo. Ila mswada wako haujaisha, na mchapishaji makini hakubali kitabu ambacho hajakisoma hadi ukurasa wa mwisho. Anayekubali kuchapisha kitabu ambacho hakijaandikwa anakuuzia karatasi na wino. Na haraka hiyo ya mwisho wa mwezi ni ya kwao. Riwaya haiozi.

Sasa tuje kwenye kiini. Anayejichapishia anabeba kazi za watu wawili, mwandishi na mchapishaji. Kazi za mchapishaji zinazoonekana kila mtu anazikumbuka: jalada, mitambo, kuuza. Inayosahaulika ndiyo kubwa kuliko zote, nayo ni kusema "bado". Kwenye nyumba ya uchapishaji yupo mtu anayelipwa kumwambia mwandishi kwamba sura ya sita haina kazi, kwamba mhusika huyu na yule ni mmoja, kwamba mwisho umekuja kabla ya wakati wake. Ukijichapishia, mtu huyo hayupo mpaka umtafute. Nimesoma vitabu vingi vilivyochapishwa na wenyewe vikawaangusha, na karibu vyote vilikuwa na mwandishi mwenye kipaji. Kilichokosekana ni mtu wa kusema bado.

Wewe una tatizo la aina yake, na nimeliona kwenye barua yako. Sauti hiyo ya "bado" unayo, tena kali, lakini unaiita mapema. Inakukamata kwenye sura ya kwanza, unairudia, unaipiga msasa, unairudia tena. Kumbe sura ya kwanza ndiyo ya mwisho kukamilika, kwa sababu inapaswa kujua mambo ambayo mwandishi huyagundua akiwa sura ya kumi. Huwezi kuimaliza sasa hata ungekuwa na miaka mingine kumi. Kwa hiyo kazi yako ina vipindi viwili, na usivichanganye: kwanza uandike hadi mwisho bila kusahihisha, kisha usahihishe bila kujihurumia.

Kipindi cha kwanza kina sheria moja tu: hairuhusiwi kurudi nyuma. Ukifika sura ya tano ukagundua kwamba mgonjwa wa kitanda cha dirishani alipaswa kuwa dada yake daktari wa zamu, usiende kurekebisha. Fungua daftari, andika: "Sura 1: ni dada yake. Watazamane, wasisalimiane." Kisha endelea na sura ya tano kana kwamba sura ya kwanza imesharekebishwa. Usipojua dozi ya dawa fulani au mwendo wa gari la wagonjwa, weka mabano yenye neno ANGALIA na usonge mbele. Daftari hilo litajaa, na likijaa ni dalili nzuri, maana marekebisho yote ambayo yangekurudisha mwanzo yanapata mahali pa kukaa.

Kuhusu mazoea, umeshasikia ushauri wa kuamka alfajiri kila siku na kuandika saa ileile. Si ushauri mbaya. Anthony Trollope, mwandishi Mwingereza wa karne ya 19 aliyekuwa mfanyakazi wa posta, alikuwa mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa yake ikiwa mbele yake, na alijitaka maneno 250 kila robo saa kabla ya kwenda kazini. Lakini huo ni mpango wa mtu ambaye Jumatatu yake inafanana na Alhamisi yake. Wewe wiki hii unalala usiku, wiki ijayo unalala mchana. Ukijiwekea "kila siku saa kumi na moja alfajiri", utaivunja sheria yako ndani ya siku chache, utajiona mvivu, na mswada huu nao utarudi kwenye droo na wenzake.

Cha kuiga kwa Trollope ni rejesta yake. Alikuwa akiandika kwenye kitabu cha siku ni kurasa ngapi ametoa, na siku aliyokaa bure ilionekana kwa macho. Fanya hivyo, ila uijenge juu ya ratiba ya zamu. Ratiba mpya ikitoka, kabla hujapanga lolote, tafuta nafasi nne kwa wiki na uziandike humohumo kwenye ratiba. Kila moja iwe ya nusu saa hivi. Zisiwe mara tu baada ya zamu ya usiku, kwa sababu akili iliyokesha huandika sentensi ambazo asubuhi yake mwenyewe hazitambui. Watu wa nyumbani waambie kwamba dakika hizo una kazi. Usiseme "najaribu kuandika", sema una kazi. Watoto wanaelewa mapema kuliko watu wazima iwapo jambo unalichukulia kwa uzito au la.

Kila nafasi ijitake maneno 300. Nne kwa wiki ni 1,200, na wiki 50 za hivyo ni maneno 60,000. Usitishwe na vipimo vya riwaya unavyoviona kwenye makala za lugha nyingine, kwamba isipofika maneno 80,000 si riwaya. Kiswahili hubebesha neno moja mzigo ambao lugha nyingi huugawa kwa maneno matatu au manne. Riwaya ya Kiswahili yenye maneno 40,000 ni kitabu kamili, na 60,000 ni kitabu kinene. Kwa hesabu hiyo unaweza kuwa na rasimu nzima kabla mwaka haujaisha, huku ukiugua wiki mbili na ukisafiri wiki mbili.

Naguib Mahfouz wa Misri alikuwa mtumishi wa serikali hadi alipostaafu, aliandika nje ya saa za kazi, na mwaka 1988 akapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Simtaji ili uwaze tuzo. Namtaja kwa sababu kuna imani kwamba mwandishi wa kweli ni yule aliyeacha kazi. Mshahara wako ndio unaokuwezesha kumkatalia kampuni yenye ofa ya mwisho wa mwezi. Usiuache.

Mambo mawili madogo yatakusaidia kuliko unavyodhani. La kwanza, simama kabla hujaishiwa. Ernest Hemingway, mwandishi Mmarekani, alikuwa na desturi ya kuacha kuandika akiwa bado anajua kitakachofuata, na kwa mtu wa zamu desturi hiyo ni dhahabu, kwa sababu kati ya nafasi moja na nyingine zinaweza kupita siku tatu. Acha sentensi katikati, au andika mstari mmoja wa maelekezo chini yake: "Anafungua kabati la dawa, haoni ufunguo wa pili." Ukirudi huanzi na ukurasa mtupu. La pili, hifadhi kazi yako katika sehemu zaidi ya moja. Kuandikia kwenye simu hakuna ubaya wowote, vitabu vizima vimeandikwa kwa vidole gumba, lakini simu huanguka, huibiwa, huingia maji. Kila mwisho wa wiki jitumie mswada kwa barua pepe, na uwe na nakala nyingine kwenye kifaa tofauti. Faili lipe jina lenye tarehe, usiliite "riwaya mpya mpya ya mwisho".

Ukishaandika neno la mwisho, liweke faili kando wiki tatu, nne. Usilifungue. Andika kitu kingine, soma, pumzika. Baada ya hapo ndipo uiite ile sauti ya bado, sasa ina kazi. Chapa mswada kwenye karatasi kama unaweza, ujifungie, uusome kwa sauti. Sikio litakukamatia yaliyokwepa jicho: neno lililorudiwa mara tatu kwenye aya moja, mazungumzo ambayo hakuna binadamu angeyatamka, sentensi ambayo pumzi inaisha kabla ya nukta.

Nikupe mfano wa kile ninachotafuta ninaposahihisha. Chukua sentensi kama hii: "Alikuwa akitembea taratibu huku moyo wake ukiwa umejaa huzuni kubwa isiyo na kifani kutokana na kifo cha mgonjwa aliyekuwa amemzoea kwa muda mrefu." Hakuna kosa la sarufi. Lakini msomaji ameambiwa ahuzunike kabla hajaona cha kumhuzunisha. Sasa soma hii: "Alifika kitanda cha sita na vidonge vya saa mbili mkononi. Shuka jipya lilikuwa limeshatandikwa." Neno huzuni halipo, wala kifo hakijatajwa. Ila muuguzi bado ana vidonge, na mwenye vidonge hayupo. Wewe umeviona vitu kama hivi kwa macho yako, na hilo ndilo fungu ambalo mwandishi mwingine hana. Ukisahihisha, tafuta kila mahali uliposema hisia ujiulize mkononi mwa mhusika kulikuwa na nini.

Hapo hapo kuna jambo ambalo hukuniuliza na lazima niliseme. Unaandika juu ya wodi. Siri ya mgonjwa haiishi mgonjwa akiruhusiwa, wala akifa. Wengi hudhani kubadili jina kunatosha. Hakutoshi. Mtu hutambulika kwa mkusanyiko wa vitu vidogo: ugonjwa wa nadra, wiki aliyolazwa, kazi aliyokuwa akifanya, idadi ya watoto waliokuwa wakimtembelea, neno alilopenda kulisema. Ndugu yake akisoma kurasa mbili atamjua, na atajua pia ni nani aliyemwandika. Njia salama ni kuwavunja watu wa kweli vipandevipande na kujenga watu wapya: ugonjwa wa huyu, ucheshi wa yule, familia ambayo hukuwahi kuiona. Hamisha na wakati. Kisha fanya jaribio hili: mchukue kila mgonjwa wa kwenye riwaya, jiulize kama mfanyakazi mwenzako wa zamu ile angesema "huyu namkumbuka". Akikumbuka, rudi kazini. Soma pia mkataba wako wa ajira na kanuni za taaluma yako uone vinasemaje kuhusu kuandika au kuzungumza hadharani juu ya kazi. Kama kuna ruhusa ya kuomba, iombe kabla kitabu hakijaenda mitamboni. Na mswada wako usiutunze kwenye kompyuta ya kazini. Hata siku moja.

Ukishausahihisha mwenyewe, watafutie wahusika wako wasomaji wa kwanza, watatu hadi watano, wasiwe wote marafiki. Mmoja awe muuguzi, akukamate ukikosea taaluma. Mmoja awe mtu asiyejua hospitali ikoje ndani. Usiwaulize kama wamekipenda, maana watasema ndiyo na utakuwa hujajua lolote. Waulize waliacha wapi kusoma siku ya kwanza, walirukaruka wapi, na walipofika katikati walidhani nini kitatokea. Wakikupa majibu, usijitetee. Wawili wakichoka mahali pamoja, pale pana tatizo, ingawa dawa waliyopendekeza huenda siyo yenyewe. Msomaji anajua panapouma; tiba ni ya mwandishi.

Ndipo umlipe mhariri. Kama una fedha za kitu kimoja tu katika safari hii yote, zipeleke hapo kabla ya jalada, kabla ya uzinduzi. Fahamu kwamba uhariri ni kazi zaidi ya moja na zina mpangilio wake. Wa muundo huangalia hadithi yenyewe: mpangilio wa sura, wahusika, mwendo, mwisho. Wa lugha huenda sentensi kwa sentensi. Usomaji wa prufu huja mwisho kabisa, kurasa zikiwa zimeshapangwa, kuwinda makosa yaliyobaki na yaliyozaliwa wakati wa kupanga. Kulipia prufu wakati muundo haujatulia ni kumwaga fedha, kwa kuwa sura uliyosafisha leo kesho inaweza kufutwa. Kabla ya kukubaliana na mhariri, mpe kurasa tano azifanyie kazi na umlipe kwa hizo tano. Utaona kama anakusikia. Mhariri mzuri hakufanyi uandike kama yeye. Na muulize kwanza kama amewahi kuhariri hadithi, maana wapo wahariri hodari wa ripoti ambao wakikutana na mazungumzo ya wauguzi usiku huyanyoosha yote yakawa hotuba.

Kupanga kurasa na jalada sitakaa napo sana, kuna wataalamu wake. Ila Kiswahili kina mitego yake. Programu ya kuandikia ikiwa imewekwa kwa Kiingereza itakuharibia bila kukuuliza: sentensi "nyumba i tupu" itabadilishwa iwe "nyumba I tupu", na neno likikatwa mwisho wa mstari litakatwa kwa kanuni za wenyewe, "kupen-da" badala ya "kupe-nda". Badili lugha ya faili iwe Kiswahili, au zima usahihishaji wa kujiendesha na ukataji wa maneno. Angalia pia alama ya juu kwenye ng'ombe, ng'ara na wenzao: ukiandika nusu kwenye simu na nusu kwenye kompyuta, utakuwa na alama mbili za maumbo tofauti, iliyonyooka na iliyopinda, na mpangaji wa kurasa akitafuta neno atapata nusu tu. Chagua moja, uzibadilishe zote siku moja.

Kwa mchora jalada na mchapaji, yajue machache ili usiburuzwe. Picha za jalada ziwe na nukta 300 kwa inchi, na rangi zivuke ukingo wa kukatia kwa milimita 3, vinginevyo mkasi ukiteleza utaona ukanda mweupe. Unene wa uti wa kitabu unategemea idadi ya kurasa na aina ya karatasi, hivyo jalada kamili halikamiliki kabla kurasa hazijatulia. Kwenye mitambo ya ofseti, ile ya kuchapa nakala nyingi kwa mpigo, kurasa huchapwa kwa mafungu, mara nyingi ya 16, kwa hiyo kitabu cha kurasa 194 kitakulazimu ulipie 208. Kurasa mbili zikipunguzwa, fungu zima linaondoka. Kwa kitabu pepe, muundo wa kuomba ni EPUB, aina ya faili ambalo maandishi yake hujipanga kulingana na ukubwa wa skrini. Na kabla hujajisajili kwenye jukwaa lolote la kuuzia vitabu pepe, fungua ukurasa wao wa lugha zinazokubaliwa uone kama Kiswahili kimo, na ukurasa wa malipo uone kama fedha zitakufikia ulipo. Mambo hayo mawili yamewakwamisha waandishi waliokuwa wameshatangaza tarehe.

ISBN ni ile namba ya kitabu, yenye tarakimu 13 tangu mwaka 2007. Hutolewa na wakala wa nchi yako. Kuna nchi hutoa bure na nyingine hutoza. Kila umbo la kitabu lina namba yake: cha karatasi laini moja, chenye jalada gumu nyingine, na kitabu pepe nyingine. Uichukue kwa jina lako au la chapa yako ya uchapishaji. Ukipewa ya bure na jukwaa au kampuni, mara nyingi anayetambulika kama mchapishaji ni wao.

Fedha sasa. Tuseme kuchapa nakala moja kunakugharimu 100, na kitabu unakiuza 300. Duka huchukua sehemu yake, mara nyingi kati ya asilimia 30 na 50. Tuchukue 40, yaani 120. Unabaki na 180, ukitoa 100 za kuchapa, mkononi ni 80. Halafu jumlisha gharama ulizolipa mara moja, uhariri, jalada, kupanga kurasa. Zikiwa 24,000, gawanya kwa 80: lazima uuze nakala 300 ndipo urudishe fedha zako, kabla ya usafiri na kabla ya nakala za zawadi ambazo kila ndugu atazidai. Weka namba zako halisi kwenye hesabu hiyo. Ukiona jibu linazidi idadi ya watu unaoweza kuwafikia, punguza kurasa, panga bei upya, au uuze zaidi mkono kwa mkono ambako hakuna asilimia 40. Bei iliyo mara mbili tu ya gharama ya kuchapa haikufikishi mbali: ungeuza 200, duka lingechukua 80, ukabaki na 20.

Ndiyo maana nakala 1,000 zinanitia shaka. Kweli, bei ya nakala moja hushuka kadiri unavyochapa nyingi, na huo ndio utamu wanaokuonyesha. Lakini nakala 700 zilizolala chini ya kitanda hazijashuka bei, zimekula akiba yako. Leo mitambo ya dijitali inakuwezesha kuchapa 50, au hata moja moja kwa oda, kwa bei ya juu zaidi kwa nakala. Beatrix Potter, mwandishi Mwingereza wa vitabu vya watoto, alipokataliwa na wachapishaji, alijichapishia nakala 250 za hadithi yake ya sungura Desemba 1901. Mwaka uliofuata mchapishaji mmoja aliitoa, na mpaka leo inauzwa. Hizo 250 zilimpa wasomaji wa kweli kabla ya kuingia kwenye kubwa.

Haki zako nazo zijue. Kwa nchi zilizomo kwenye Mkataba wa Berne wa 1886, na ndizo nyingi mno duniani, hakimiliki ni yako tangu unapoandika, bila kujisajili popote, na hudumu maisha yako yote na angalau miaka 50 baada ya kufa kwako. Usajili unaweza kukupa ushahidi, ila haukuzalishii haki. Kwa hiyo kampuni ikija tena na mkataba, usiulize jalada litakuwa la rangi gani. Uliza kama unawapa haki au unawaruhusu tu wachape. Uliza mkataba unaisha lini na unavunjwaje. Uliza faili za mwisho, za kurasa na za jalada, zinabaki kwa nani, kwa sababu usipokuwa nazo, kuchapa mara ya pili itabidi urudi kwao au uanze upya. Uliza tafsiri, kitabu cha kusikiliza na filamu vimetajwa wapi. Kama unalipa wewe gharama zote, hakuna sababu ya mtu mwingine kumiliki chochote, na asilimia ya mauzo wanayoitaka juu ya malipo hayo waieleze ni ya kazi ipi. Waombe vitabu viwili walivyovichapa uvisome, kisha uongee na waandishi wake bila kampuni kuwepo.

Kuuza huanza mapema, lakini si kwa kelele. Kila mtu atakayekuuliza "kitabu kinatoka lini?" mwandike jina lake na mahali pa kumpata, kwa ruhusa yake, kwenye orodha moja unayoimiliki wewe. Kurasa za mitandao ya kijamii zinaweza kufungwa kesho. Orodha inabaki kwako. Watu 100 waliokuomba wajulishwe wana thamani kuliko 5,000 waliobonyeza alama ya kupenda. Na wasomaji wako wa kwanza unawajua tayari: wauguzi, wauguzi wanafunzi, na watu waliowahi kukesha kando ya kitanda cha mgonjwa wao. Andika maelezo ya nyuma ya jalada ukiwa na watu hao akilini. Sentensi nne, tano zinatosha, na usieleze mafunzo yaliyomo. Sema nani yuko kwenye wodi hiyo, usiku huo kuna nini, na nini kitapotea kabla hakujakucha.

Chapa 50 kwanza. Wauzie walio kwenye orodha, uwaombe wakutumie kila kosa watakaloliona pamoja na namba ya ukurasa, na watayaona, hata baada ya wewe, mhariri na msoma prufu kupita. Yakusanye mwezi mzima, urekebishe faili mara moja, ndipo uagize nyingine. Kurekebisha makosa ya chapa hakudai ISBN mpya. Ukiongeza sura au ukibadili mwisho wa riwaya, hilo ni toleo jipya na linadai namba yake.